Yaya Hatoi Pasi, na Mimi Ndiye Kocha Wake

BARUA

Jambo yako, Mama.

Nakuandikia usiku, mke wangu amelala. Sitaki aone, kwa sababu mtu ninayemlalamikia ni kaka yake wa tumbo moja.

Nina miaka 31. Ninafundisha timu ya mpira wa kikapu ya wanaume ya mtaa wetu hapa Katuba, Lubumbashi. Hatulipwi kitu. Mazoezi ni Jumanne na Alhamisi jioni, kwenye kiwanja cha sementi cha shule moja, na kiangazi hiki vumbi limezidi hata inabidi tufagie kwanza ndipo tucheze. Shemeji yangu ana miaka 38. Wote tunamwita Yaya, kama sisi watu wa hapa tunavyomwita mkubwa wetu yeyote, mwanamume au mwanamke. Mtaani hakuna asiyemjua. Kulikuwa na miaka ambapo watu walitoka mitaa mingine ya mji, Kenya na Kamalondo, kuja kumtazama yeye tu. Mimi nilikuwa na miaka 12, nilikuwa nambebea viatu. Yeye ndiye aliyenifundisha kuachia mpira kwa ncha za vidole, siyo kwa kiganja. Na baba mkwe alipokataa kupokea mahari yangu kwa kuwa haikutimia, Yaya ndiye aliyesimama akasema, "Huyu namjua, atamaliza." Kwa hiyo Mama uelewe: si mtu ninayeweza kumsema hivi hivi.

Lakini Yaya hatoi pasi.

Nina daftari. Kila mechi mdogo mmoja wa benchi ananiandikia. Katika mechi sita za mwisho Yaya ametupa mpira mara 131, umeingia mara 42. Wenzake wanne wanaoanza naye, wote kwa pamoja, wametupa mara 118, umeingia mara 53. Pasi za kumfungisha mwenzake, katika mechi zote sita, ametoa saba. Tumeshinda mbili, tumepoteza nne. Akipata mpira hata wakimjia walinzi wawili anaruka na kutupa, na wenzake wamesimama mikono wazi kama wanaongoja mvua.

Tuna mchezeshaji wa miaka 19. Huyu mtoto anaona mambo kabla hayajatokea. Ameniambia kwa heshima kwamba mambo yakibaki hivi, msimu ujao atakwenda Likasi, kuna timu imemwita.

Sasa nikueleze mechi mbili, kwa sababu ndizo zilizonitoa usingizi. Ya kwanza, zilibaki sekunde 20, tunaongozwa kwa pointi moja. Nikasimamisha mchezo, nikawachorea: mpira kwa kijana, pivo, yule mrefu wetu wa chini ya kikapu, aje amkingie njia, Yaya asimame pembeni kwenye kona awavute walinzi. Wote wakaitikia. Yaya hakusema neno, alikuwa anakunywa maji. Tuliporudi akamfuata kijana, akanyoosha mkono, kijana akampa. Nani angemnyima? Akadunda, sekunde zikaenda, wawili wakamjia, akaruka. Mpira ukagonga chuma. Tukapoteza kwa pointi ile ile moja.

Wiki iliyofuata ikawa vile vile, karibu sekunde zile zile. Nikachora, akanyamaza, akachukua mpira, wawili wakamjia, akaruka. Ukaingia. Watu wakavamia kiwanja wakambeba juu. Mama wauza maandazi walipiga vigelegele. Mzee mmoja akanishika mkono, akaniambia, "Kocha, ukiwa na simba usimpe kazi ya kuchunga mbuzi." Tangu siku hiyo nikisema kitu mazoezini naona wachezaji wanamtazama yeye kwanza.

Kuna mengine. Mipira yote mitatu tunayochezea ni yeye aliyenunua, na nyavu pia. Anaendesha lori la mizigo kwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kwa hiyo mazoezi anapata mara moja kwa wiki, wiki nyingine hapati kabisa. Siku akija anafika wa kwanza, anakaa peke yake anafunga goti bendeji, na hataki mtu amsogelee. Kurudi nyuma kulinda ameacha, anabaki katikati ya kiwanja akingoja mpira umrudie.

Rafiki yangu anasema niache ukocha. Mke wangu, nilipogusia kidogo, alisema, "Wewe ni mume wangu, yeye ni damu yangu, na mpira ni mpira." Mimi nimefikiria hivi: mechi ya Jumamosi ya wiki ijayo nisome majina matano ya kuanza, lake lisiwemo, aelewe mwenyewe. Je, nifanye hivyo? Au nimwache acheze anavyotaka, kwa heshima ya yote aliyonifanyia?

Kocha wa Katuba

JIBU

Jambo yako, mwanangu kocha.

Nianze na Jumamosi, kwa kuwa iko karibu. Usisome majina matano na lake lisiwemo bila kumwambia kabla. Hilo usilifanye.

Najua ninachosema. Nilicheza pivo hapa hapa Lubumbashi miaka 14, na mwaka wangu wa mwisho nilikuwa na miaka 33. Siku moja nilifika na begi langu, nikafunga viatu, kocha akasoma majina matano na langu halikuwamo. Hakunitazama. Nilikaa benchi nimevaa koti juu ya jezi, katika joto, ili watu wasione namba yangu. Baada ya mechi nikaenda nyumbani, sikurudi tena. Na kocha yule alikuwa na haki, mwanangu! Miguu yangu ilikuwa imekwisha, msichana aliyeniweka pembeni alikuwa ananizidi kwa kila kitu isipokuwa ujuzi wa kusimama. Ule ujuzi ningempa bure kama ningeulizwa. Sikuulizwa. Nilikaa miezi nikipita njia ya mbali ili nisisikie mpira ukidundwa. Kwa hiyo nimesoma barua yako nikiwa upande wako na upande wa Yaya kwa pamoja, na sitajifanya kwamba sina upande.

Sasa daftari lako. Nimezirudia hesabu zako mara mbili. Yaya anafunga mmoja katika kila mitupo mitatu, wenzake wanakaribia mmoja katika kila miwili. Mtu akitazama haraka atasema: dawa imepatikana, wapewe wenzake mpira. Lakini jiulize kwa nini wenzake wanafunga vizuri hivyo. Wanatupa wakiwa peke yao, kwa sababu mlinzi wa mmoja wao amekwenda kumsaidia mwenzake kumkaba Yaya. Mwondoe Yaya kiwanjani, kila mmoja wa wale wanne atapata mlinzi wake kamili puani, na 53 yako ndani ya 118 itashuka. Daftari limeandika nani ametupa. Halikuandika nani aliwavuta walinzi. Tangu wiki hii mwambie yule mdogo wa benchi aongeze mstari mmoja: mara ngapi walinzi wawili wamemwendea Yaya, na mpira ukaenda wapi baada ya hapo. Mechi mbili tu, utaona unamtazama mtu mwingine.

Wawili wakimwendea mmoja, wanne wetu wamebaki na watatu wao. Hesabu hiyo haina kocha wala nyota anayeweza kuipinga. Tatizo ni kwamba haidumu. Mlinzi wa pili anapoachana na mtu wake na bado hajamfikia Yaya, hapo ndipo pasi ipo, kwa muda wa kupepesa macho. Akishafika, kuna mikono minne mbele ya mpira, mwenzake aliyeachwa wazi amesharudiwa na mtu, na kinachobaki ni kuruka na kuomba Mungu. Yaya anangoja wafike wote wawili ndipo aamue. Kwa nini? Kwa sababu alipokuwa na miaka 25 aliweza kungoja. Aliwangoja wakafika, akaruka juu yao wote wawili, akatupa akiwa peke yake angani. Hiyo ndiyo iliyowatoa watu Kamalondo kuja kumtazama. Kuruka na mbio za hatua ya kwanza ndivyo vinavyomtoka mchezaji mapema. Jicho linabaki, mkono wa mitupo huru unabaki, na kujua mpira utaangukia wapi kunabaki, pengine kunaongezeka. Yaya bado anaamua kwa saa ya goti lile la zamani.

Ndiyo maana nakusihi usimwite mchoyo, hata moyoni. Mchoyo ananyima akijua. Huyu anafanya kile ambacho kwa miaka 20 kilikuwa jibu sahihi, na hakuna mtu aliyewahi kukaa naye chini akamwambia kwamba swali limebadilika. Wewe ulimwambia kwa chaki, katika dakika moja, sekunde 20 kabla ya mwisho. Tazama tena ulichomchorea: mtu ambaye mpira wa mwisho umekuwa wake tangu ukiwa mtoto wa kubeba viatu, ulimwambia asimame kwenye kona. Mbele ya vijana. Kwa mara ya kwanza. Hakusema neno, alikuwa anakunywa maji, na wewe ukadhani amekubali. Kwetu mkubwa akinyamaza mbele ya wadogo hajakubali. Amekataa bila kukuaibisha.

Na mchoro wenyewe, niseme kama mtu wa kikapu, haukuwa mzuri. Mtu asiye na mpira, amesimama kwenye kona, hamvuti mlinzi wa pili. Anamshikilia wake mmoja, basi. Ukitaka wawili wamwendee, mpira uanzie mikononi mwake. Mchoree hivi: Yaya anapokea juu ya mstari wa pointi tatu, anadunda kuelekea upande ambao goti linaruhusu, kijana amesimama upande wa pili mikono tayari, pivo anakata kuelekea kikapuni. Mlinzi wa pili akianza tu kutoka, mpira uwe umeshaondoka mkononi mwake, kwa kijana au kwa pivo, yeye ndiye anayechagua. Asipotoka mlinzi wa pili, Yaya yuko na mtu mmoja peke yake, na mmoja peke yake bado anammudu. Hapo hujamnyang'anya mechi. Umempa uamuzi wa mwisho, na mtu wa umri ule anathamini uamuzi kuliko mtupo, ingawa wengi wao hawajui mpaka waonje.

Kuhusu ule mtupo ulioingia. Huo ndio uliokuchanganya wewe na mtaa mzima kuliko ule uliokosa. Mitupo miwili ilikuwa mmoja: sekunde zile zile, walinzi wawili, mwenzake wazi, kuruka. Mmoja ulipiga chuma, mwingine ukapita wavuni. Kocha anayehukumu uamuzi kwa kutazama tu kama mpira umeingia atakuwa na timu mpya kila wiki. Ungemwambia Yaya siku ile ya vigelegele kwamba kijana alikuwa wazi, ungekuwa umefanya kazi yako. Hata kama angecheka.

Yule mzee wa simba na mbuzi simlaumu, anapenda alichokizoea. Watu wetu wana njaa ya mtu mmoja anayeamua kila kitu. Mfano wao wanaoupenda ni ule usiku wa tarehe 13 Aprili 2016 huko Los Angeles, Kobe Bryant akiwa na miaka 37 akafunga pointi 60 katika mechi yake ya mwisho. Ni kweli, na ulikuwa usiku mzuri, mimi mwenyewe nililia. Wanachosahau kuongeza ni kwamba alitupa mpira mara 50, na kwamba timu yake msimu ule ilishinda mechi 17 na kupoteza 65. Ilikuwa kuaga. Hapakuwa na kitu cha kupoteza tena, kwa hiyo wenzake walimpa mpira kama watu wanavyompa mzee kiti. Timu yako bado ina msimu wa kuchezea na kijana anayefungasha kwenda Likasi.

Mfano ninaoupenda mimi uko karibu zaidi na kwetu. Dikembe Mutombo, mtoto wa Kinshasa, aliyetutoka tarehe 30 Septemba 2024, alicheza misimu 18 huko Marekani. Mara nne alichaguliwa mlinzi bora wa ligi nzima. Mtu wa namna hiyo, katika miaka yake ya mwisho akiwa Houston, alikaa benchi nyuma ya Yao Ming, pivo aliyekuwa akianza. Alikuwa anaingia dakika chache, anatoka. Februari 2008 timu ilikuwa imeshinda mechi 12 mfululizo, Yao akaumia mguu, msimu wake ukaisha. Wengi walidhani timu nayo imekwisha. Mutombo akasimama, miaka 41, akaanza yeye, na timu ikaendelea kushinda mpaka ikafika mechi 22 mfululizo. Hakugeuka mfungaji. Alilinda kikapu, kama alivyofanya siku zote, na kile kidole chake cha kukataza alichowatikisia aliowazuia. Kinachonigusa ni kwamba alikuwa tayari. Mtu aliyenuna benchi msimu mzima hawi tayari siku akiitwa. Na nadhani aliweza kutonuna kwa sababu kazi yake ilikuwa na jina. Kila mtu pale alijua Mutombo anaingia kufanya nini. Yaya wako, je? Ukimtoa kwenye kutupa, umemwambia kazi yake mpya inaitwaje? Katika barua yako yote sijaiona.

Utaniambia Mutombo alikuwa pivo, Yaya ni mtu wa kudunda na kutupa. Sawa. Basi mwonyeshe Manu Ginobili, yule Mwajentina wa mkono wa kushoto wa San Antonio. Kwa kipaji angeweza kuanza katika timu karibu yoyote, lakini miaka mingi aliingia akitokea benchi, wapinzani wakiwa wameanza kuchoka. Mwaka 2013 walipoteza fainali mbele ya Miami katika mechi ya saba. Mwaka 2014 wakarudi wakawafunga Miami hao hao mechi nne kwa moja. Ginobili alikuwa na miaka 36, Tim Duncan 38, umri wa Yaya kabisa. Msimu ule hakuna mchezaji hata mmoja wa timu hiyo aliyefikisha wastani wa dakika 30 kwa mechi, na mechi zao ni za dakika 48. Tafuta video za fainali ile, mkae mtazame pamoja, wewe na yeye, bila maelezo yako. Mpira ule unavyotembea, mtu anayejua kikapu anaona mwenyewe.

Na hapo mtaani, wakati mnapigia kelele pointi tu, wakumbushe kwamba Bismack Biyombo, aliyezaliwa hapa hapa Lubumbashi mwaka 1992, aliwasimamisha watu Toronto tarehe 21 Mei 2016 kwa kudaka ribaundi 26, yaani mipira iliyokosa kikapu, katika mechi moja dhidi ya Cleveland ya LeBron James. Ribaundi, mwanangu. Timu yake ikashinda. Wavulana wa Katuba wanaorusha mawe kwenye ndoo wakisema "mimi Kobe" wangeweza pia kusema jina la mtu wa mji wao.

Turudi kwa goti. Umeliandika kwa mstari mmoja, katikati ya mambo ya mipira na lori, na ndilo lililonisimamisha. Anafika wa kwanza. Anakaa peke yake. Anafunga bendeji. Hataki asogelewe. Hiyo unaisoma kama kiburi? Mimi naona mtu anayeficha maumivu. Mtu anayekaa kwenye lori saa nyingi, miguu imekunjwa, foleni ya Kasumbalesa isiyotembea, halafu anashuka na kucheza dakika 40 juu ya sementi. Harudi kulinda kwa sababu kurudi ni mbio, na mbio zinauma. Anatupa badala ya kukata kuelekea kikapuni kwa sababu kukata kunauma zaidi. Sehemu ya zile 131, nadhani, ni goti linalotupa. Muulize. Na muulize kabla ya neno lolote la pasi: "Yaya, goti linakuambiaje?" Halafu nyamaza kweli. Akikuambia, mpelekeni kwa mtu anayejua magoti, timu ichange. Hilo peke yake linaweza kubadilisha mechi zako kuliko michoro yote.

Dakika zake zipunguze, lakini kwa mkataba wa mdomo unaoeleweka. Katika 40, mpe karibu 20. Asianze. Aingie robo ya kwanza ikikaribia kwisha, apumzike robo ya tatu, goti likiwa limefunikwa lisipoe. Dakika tano za mwisho ziwe zake, kila mechi, mkishinda au mkipoteza, na ahadi hiyo uishike hata siku akicheza vibaya. Akijua dakika tano zile haziibwi na mtu, hatakuwa na haja ya kuzitafuta katika kila mpira wa robo ya pili. Akiwa kiwanjani mcheze ulinzi wa eneo, asiwe na mtu wa kumkimbiza.

Sasa ile mipira mitatu. Inanisumbua kuliko mitupo 131. Timu ambayo haiwezi kufanya mazoezi bila mfuko wa mtu mmoja, vijana wake wanamlipa kwa njia pekee waliyo nayo, nayo ni kumpa mpira akinyoosha mkono. Uliuliza "nani angemnyima?" na jibu ni: hakuna, kwa sababu mpira ni wake kweli. Usimrudishie mipira yake, hilo ni tusi. Mshukuruni mbele ya wote, kwa sauti, siku ya mazoezi. Kisha kila mchezaji achange kidogo kila mwezi, hata kama ni bei ya maandazi mawili, na wa nne uwe mpira wa timu. Mechi zichezwe kwa huo wa nne. Mtaona mikono inavyolegea.

Kijana usimwambie "ngoja zamu yako." Amekwishangoja, na Likasi si mbali. Mwambie kuna kitu hapa ambacho Likasi hawana: mtu anayejua kila upande mlinzi anaokuja, aliye tayari kumfundisha. Baada ya mazoezi wabaki wao wawili robo saa, Yaya anapokea, mtu wa pili anakuja, mpira unatoka. Mara 30, mara 40, mpaka mkono wa Yaya uachane na lile tendo la zamani. Uliandika kwamba alikufundisha kuachia mpira kwa ncha za vidole. Mtu aliyefundisha hivyo mtoto wa miaka 12 bado ana mwalimu ndani yake. Na kijana akiamua kwenda hata hivyo, mwacheni aende vizuri, bila maneno.

Kuhusu deni. Nimeona lilivyokulemea. Siku ya mahari alisimama kama kaka wa mke wako, akasema atamaliza, na nadhani ulimaliza. Hakuwa ananunua ukocha. Mke wako amelisema vizuri kuliko mimi: mpira ni mpira. Usimtume kwa kaka yake, usimfanye mjumbe wala shahidi, lakini barua hii mwonyeshe. Kumficha mke jambo la kaka yake ni kujichimbia shimo nyumbani kwa ajili ya mambo ya kiwanjani.

Na kama atakataa yote? Inawezekana. Mimi pengine ningekataa siku ya kwanza. Hapo utamkalisha, kwa kuwa wewe ndiye kocha na kuna vijana 10 wanaokutazama. Lakini utamwambia siku mbili kabla, ana kwa ana, na utamwambia kwa nini, na utabaki pale akikukasirikia mpaka amalize kukasirika. Usiondoke katikati.

Nenda kwake Jumapili hii baada ya misa, lori likiwa limesimama na yeye hajalala. Nunua michopo, ile nyama ya kuchoma, njiani. Mle kwanza. Anza na goti. Daftari liache nyumbani.